Mwalimu Tumwagile na Kosa la Mstari wa Nne

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Mwalimu Tumwagile wa Mikumi. Alifundisha vijana kuandika programu za kompyuta, mtandaoni, akiwa kitandani. Narudia, akiwa kitandani. Mgongo ulimlaza miaka mitatu, katika chumba cha nyuma cha gesti ya dada yake.

Dirishani aliona malori yakielekea Iringa. Yeye haendi popote. Mchana kutwa dari lile lile, feni ile ile. Roho ilimuuma, tusifichane.

Lakini kilichomkaba zaidi ni maneno mawili tu. "Tumeelewa, mwalimu!" Ndivyo walivyojibu wanafunzi wake thelathini na mmoja, wa Ruhembe, wa Munisagara, kote. Kumbe wapi! Walikuwa wananakili. Mtihani ulipokuja, wakaanguka wote. Nani athubutu kumwambia mkubwa kwamba hajaelewa? Na nyuso zao hakuziona, maana bando la video hawakuwa nalo.

Dada yake, Filomena, anasimulia: "Alilia. Akaniambia, dada, mwili umenifungia humu, na adabu za watoto hawa zimefunga mlango kwa nje."

Basi akaanza kukosea makusudi. Anaandika programu mbovu, kisha anauliza, "Iko sawa?"

"Iko sawa, mwalimu!"

Wiki ya kwanza. Ya pili. Ya tano! Jamani, wiki tano mtu anakosea na anasifiwa.

Wiki ya sita, Editha wa Ruhembe akawasha kipaza sauti. "Shikamoo mwalimu. Samahani sana, naomba usinichukie. Mstari wa nne hujafunga mabano."

"Marahaba!" Filomena alimsikia mpaka jikoni. "Marahaba, mwanangu! Marahaba!"

Tangu siku hiyo walishindana kumkosoa. Mtihani uliofuata, walifaulu ishirini na sita.

Mwalimu Tumwagile alifariki Jumanne. Somo la Jumatano alikuwa ameshalipanga lijitume lenyewe, na saa kumi kamili likawafikia. Lilikuwa na kosa. Wote thelathini na mmoja waliliona, wakaandika: "Shikamoo mwalimu, mstari wa tisa."

Pole sana, Bi Filomena. Poleni, wanafunzi. Nawe unayenisikiliza, yupo mtu unayemwitikia tu kwamba umeelewa? Mwambie ukweli leo, angali anaweza kukujibu. Editha ameniambia kila ikifika saa kumi huifungua simu, anasubiri marahaba yake.