Ujumbe wa Mama Annah Haukufika

MAKARIBISHO
Mgeni rasmi, Bi. Yvonne Muigai, mkuu wa huduma kwa wateja katika kampuni ya simu tunayoitumia, pamoja na wazazi mliofika, karibuni Hurlingham. Karani wetu Ivyne anasoma risala hii kwa niaba yetu kwa sababu yeye anasikia na sisi hatusikii.

HISTORIA
Sisi ni viziwi, wengi wetu mafundi. Jamaa zetu wasiojua kuandika humpigia Ivyne simu ofisini, naye huandika ujumbe kwenye kompyuta na kuutuma, nasi tukausoma kwenye simu zetu. Kwa miaka mingi hatukutozwa chochote.

MAFANIKIO
Kwa njia hiyo wenzetu wamepata vibarua, wamewahi mazishi, na Kitavi amepata mke.

CHANGAMOTO
Mwaka jana, Mama Annah, mamake mwenzetu Masila, alibanwa na kifua nyumbani Kangemi. Akapiga simu ofisini.
"Mwambie mwanangu aje, pumzi zinaniisha."
Ivyne aliandika mara moja, na kompyuta ikaonyesha ujumbe umetumwa. Masila alikuwa River Road akichapa kadi za harusi, simu iko mbele yake. Haikutikisika hata kidogo. Jioni alipofika Kangemi alikuta majirani wamejaa mlangoni, akajua kabla ya kuambiwa.

Baada ya mazishi alifika ofisini kwenu Westlands pamoja na Ivyne. Mhudumu wenu, Bw. Obuya, aliwaeleza kwa upole. Ujumbe wa simu hulipiwa na mwenye laini. Ule wa kompyuta hauna laini ya kuulipia, ilhali hupita kwenye mitambo ileile yenye gharama. Tena matapeli walikuwa wameivamia njia ya bure, ndipo mkaifunga na kuanza kutoza.

Masila akajibu kwa ishara, Ivyne akitafsiri: "Hayo nimeyaelewa. Lakini mbona hamkutuambia?"
Bw. Obuya aliliandika karatasini. Tunashukuru kwamba swali hilo alikufikishia.

MAOMBI
Mgeni rasmi, hatukatai ada. Tunaomba vikundi vya viziwi vinavyojulikana vipunguziwe. Tunaomba pia kompyuta isiseme ujumbe umetumwa wakati haujatumwa, na siku mtakapofunga njia nyingine, mtuandikie kwanza.

Masila ameketi mbele yako. Hatumwombei fidia, amekataa. Anaomba umjibu swali lake, ukimtazama yeye, si Ivyne.

Mwenyezi Mungu, asikiaye hata yasiyotamkwa, akulinde wewe na wa nyumbani kwako.

Ni sisi,
Umoja wa Mafundi Viziwi, Nairobi.