Perege Walionibakizia Watoto

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na apewe sifa zake zote sasa hivi kabla sijaanza kujisifu mimi, maana najijua. Mnanifahamu kwa jina la Mama Neema, yule wa Ngamiani mwenye mchicha. Mchungaji amenisihi niwe mfupi. Nitajaribu, Mchungaji, ila jambo lenyewe ni refu na nimelisubiri sana.

Nashuhudia juu ya watoto wangu watatu, Neema, Yohana na Eliza. Walikuwa wameshagawanywa kwa ndugu, na Bwana akanibakizia wote. Alinibakizia kwa samaki. Msicheke, subirini.

Mnaikumbuka ile miaka ya foleni. Sabuni hakuna, sukari hakuna, tunafulia majani ya mpapai, na unga wa njano tukiupata tunashukuru. Hata hivyo kwetu tulikuwa tunasimama, maana mume wangu, Baba Neema, alikuwa fundi wa mashine kiwandani. King'ora kikilia asubuhi anatoka na ovaroli nililolipiga pasi kwa mkono wangu. Halafu ikaja ruksa, kila mtu alete na auze atakacho. Maduka yakajaa mpaka vitu vikamwagika barazani, mitumba, redio, sabuni za kila rangi, na kiwanda kikafungwa. Wakaambiwa waende nyumbani, wataitwa. Ndugu zangu, hawakuitwa.

Baba Neema akaacha kutokea mlango wa mbele. Akitaka kwenda popote anapita uani, ili watu wa barazani wasimuulize habari za kazi. Mimi nikakaanga mihogo, nikafua nguo za watu, na bado jioni ikawa ni uji. Ndipo ndugu zake wakatuita kwao Maramba, wakaweka kikao. Walisema kwa upendo, siwalaumu. Neema aende kwa shangazi yake, wifi yangu Agnesi, hapo hapo Maramba. Yohana aende kwa baba yake mdogo Korogwe. Eliza akae kwa bibi yake. Shule zikifungwa mwisho wa mwaka, wifi atakuja mjini kuanza na Neema. Baba Neema akaitikia huku anatazama miguu yake. Mimi sikuitikia, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Kesho yake, tunasubiri basi, nikapita kwa jirani yake wifi nikaona bwawa dogo, na samaki wanagombea pumba juu ya maji. Perege. Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Mkwaja, samaki nimewajua kabla sijajua kusoma, lakini samaki anayefugwa kama kuku sikuwa nimemwona. Nikasimama pale nawatazama mpaka basi likakaribia. Nikamwomba mwenye bwawa vifaranga, akanitilia katika dumu lililokatwa mdomo, nikalipakata kwenye basi mpaka Tanga. Maji yaliilowesha kanga yangu yote, na sikujali.

Uani kwetu kulikuwa na tangi la saruji la mwenye nyumba, Bi Mwanaisha, mama mtu mzima wa Kiislamu aliyekaa vyumba vya mbele. Maji ya mvua yalitoka batini, yakafuata mfereji wa saruji, yakaingia tangini. Nikaenda kwake nikapiga goti.

"Shikamoo, Bi Mwanaisha. Naliomba tangi nifugie samaki."

"Marahaba. Bahari ile pale, mwanangu, nawe wataka samaki wa ndani ya nyumba?" Akanitazama sana, maana habari za watoto alikuwa nazo. "Haya, lichukue. Ila ukinizalia mbu nalivunja."

Sasa sikilizeni nilivyofanya kwa akili zangu nyingi. Watu wa Ngamiani wamezoea changu na tasi, samaki wa bahari. Perege wanamwita samaki wa tope, hana ladha. Nikasema, basi hawa nitawatia ladha wangali hai. Nikamtuma Baba Neema na baiskeli akalete maji ya bahari kwa madumu, tukamimina tangini, na mimi nikaongeza chumvi ya mawe juu yake. Aliniuliza, "Mama Neema, una hakika?" Nikamjibu, "Kati yangu na wewe, nani mtoto wa mvuvi?" Akarudi pwani kuleta mengine.

Na maji yale yale nikamwagilia mchicha niliopanda kwenye madebe. Mchicha ukaungua wote. Perege hawakufa sana, ila walizubaa, chakula hawakitaki, pumba zikaoza, maji yakawa mazito ya kijani, na harufu ikavuka ukuta. Wakati huo huo wifi akatuma salamu kwamba muhula wa mwisho umeshaanza, Neema aanze kufungasha. Nilimwona mtoto anakunja sketi yake ya shule anaiweka mfukoni, anaitoa, anaikunja tena. Bi Mwanaisha naye akanijia. "Mwanangu, wageni wangu jana wameziba pua. Nimestahimili vya kutosha. Samaki watoke, tangi lioshwe."

Asubuhi nikachukua ndoo nikaenda kulimaliza tangi. Sikuwa na maombi marefu. Nilisema, "Bwana, mimi nimefika mwisho, sasa wewe." Nikaanza kuchota na kumwaga. Uani kulikuwa na tope, nami sikutaka kuliongeza, hivyo nikawa namwaga juu ya lundo la kokoto aliloacha fundi wa choo, kando ya ule mfereji. Nachota, namwaga, nachota, namwaga, huku nalia. Nikatazama ndani, maji hayajapungua. Nikaongeza kasi. Hayapungui. Nikasema kwa hasira, "Bwana, hata kumwaga maji nimeshindwa?"

Ndipo nikausikia mfereji. Maji niliyomwaga yalikuwa yanapita katikati ya kokoto, yanaingia mferejini, yanarudi tangini kwangu. Nikainama kuyaziba kwa mkono, nikayaona. Yalikwenda ya kijani na mazito, na yalirudi meupe, sakafu ya mfereji inaonekana. Na ubavuni mwa lundo, palipokuwa panapata unyevu siku zote, palikuwa na michicha miwili imejiotea yenyewe, mapana majani yake, hakuna mtu aliyeipanda. Ndugu zangu, nilikaa chini kwenye tope. Nilikuwa natupa, na Bwana alikuwa ananirudishia.

Nikamwita Baba Neema. Huyu mtu alikuwa hajagusa spana tangu kiwanda kifungwe. Akachutama, akaweka kiganja chini ya maji, akatazama lundo, akatazama tangi. "Kokoto zinachuja," akasema. "Taka za samaki zinabaki humu, na mboga inakula hizo taka." Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya mtu anayerudi kutoka zamu. Akapata mapipa mabovu, akayapasua kwa urefu, akayajaza kokoto, akayatoboa chini na kuyapanga juu ya mfereji. Kila asubuhi na jioni tunachota maji ya samaki tunamimina kwenye mapipa, yanashuka kwa samaki yakiwa safi. Pampu ni mikono yetu. Bi Mwanaisha akaona, akasema, "Basi tuwangoje kidogo." Chumvi nikaacha kabisa, na vuli iliponyesha ikalisuuza tangi mpaka maji yakawa matamu. Perege wakachangamka. Mchicha ukatoka kwenye kokoto tupu, bila udongo, watu wakawa wanachungulia ukutani wakibisha. Mimi nilikuwa nauacha mlango wa uani wazi makusudi. Nilitaka waone.

Shule zikafungwa, wifi Agnesi akaja na mfuko mkubwa wa kubebea vitu vya Neema. Nilimkaribisha vizuri. Nikampikia perege wa nazi na mchicha pembeni, na Bi Mwanaisha nikamwita aje tule pamoja. Wifi akala, akang'ata mpaka kichwa.

"Changu huyu mmempata wapi, mnono hivi?"

Baba Neema anatazama sahani, mabega yanamcheza kwa kicheko. Bi Mwanaisha akamaliza tonge lake taratibu.

"Si changu, mwanangu. Huyo kwao Maramba, kama wewe."

"Perege? Mbona amekolea?"

Nikamwambia, "Wifi, chumvi nimeitia sufuriani."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha kaka yake akamchukua uani kumwonyesha mapipa, na nilimsikia anaeleza, anaeleza, hakomi, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Wifi aliporudi ndani macho yalikuwa mekundu. Akaniambia, "Kaka yangu anaongea." Neema alikuwa amesimama mlangoni na sketi yake mkononi. Shangazi yake akaichukua ile sketi, akaitundika ukutani. Akarudi Maramba na mfuko umejaa mchicha, na habari za Korogwe na za kwa bibi zikaishia hapo.

Tangu hapo Ngamiani wanamla huyo samaki wa tope na kumwulizia. Baba Neema anatoka na ndoo ya perege kwa mlango wa mbele, tena anatembea polepole ili asalimiwe na kila mtu. Namwachia, ana haki. Na mimi nikisema tangi lile ni zuri kuliko yote Tanga, mnisamehe, ni kweli.

Mwaka huu wifi amekuja tena. Mfuko ni ule ule, naujua kwa mshono wake. Safari hii ulikuwa na nguo za mwanawe wa mwisho, aliyepata shule hapa mjini. Akauweka chini mbele yangu akasema, "Wifi, nikuachie wewe, nani mwingine?" Mtoto mwenyewe yule pale, amekaa katikati ya Yohana na Eliza.

Ndugu yangu, labda na wewe kikao kimeshakaa juu yako, na wakubwa wamekwisha kukugawa. Usiitikie kwanza. Mwambie Bwana umefika mwisho, kisha uje kwangu na ndoo, nitakupa vifaranga. Mlango wa mbele, tafadhali. Sisi hatupiti tena uani.