Vumbi la Viatu vya Balozi

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni, mlioko mjini Moshi na mlioko kwenye vihamba vya migomba huko juu mlimani. Sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Ujagar Singh Matharu, ambaye sisi wa Moshi tulimwita Fundi Ujagari. Alifariki Jumatano iliyopita kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka sabini na miwili.

Fundi Ujagari alikuwa Singasinga. Wengi mlimjua kwa kilemba chake cha buluu na kwa mashine za kumenyea kahawa. Mashine ikikwama Kibosho katikati ya msimu, buni mbivu zimejaa kwenye ndoo na haziwezi kungoja kesho, Fundi alipanda mlima na mfuko wake wa spana. Akimaliza anapewa maziwa, anasema "aika", asante ya Kichaga, anashuka.

Lakini leo hatumsimulii kwa maneno ya rafiki zake. Tunamsimulia kupitia mtu aliyemshuku, tena aliyemshuku miaka mingi bila kupumzika. Huyo ni Bibi Eliona wa Pasua, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi. Alitukaribisha kwake, akatuwekea mtori wa ndizi, akatuambia, "Semeni yote. Msinipambe."

Basi tuseme yote. Fundi aliletwa Moshi akiwa mtoto mdogo, baba yake akiwa seremala wa reli. Mwaka 1962 akachukua uraia. Mwaka 1971, majumba yalipotaifishwa, jamaa zake wengi wakafungasha virago. Yeye akabaki. Akapanga chumba na karakana Pasua, na hapo ndipo Balozi Eliona alipoanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Wenzake wameondoka, huyu anangoja nini? Kisu kile kiunoni ni cha nini? Na kwa nini kila wiki magunia yanaingia hekaluni kwao, wala hayaonekani yakitoka? Balozi alikuwa mtu makini. Pasua nzima alijua nani kapika nini kabla sufuria haijaepuliwa.

Jumapili moja ya masika, mwaka 1975, akaamua kwenda kujionea. Alitoka kanisani na viatu vyake vya kwaya, vimejaa matope, akaenda moja kwa moja hekaluni. Mlangoni akaambiwa avue viatu na ajifunike kichwa. Akavua, huku roho haitaki. Ndani akakuta jiko kubwa, dengu, chapati, na watu wameketi chini, mkeka mmoja. Tajiri wa mbao yuko pale. Mfagiaji wa soko yuko ubavuni mwake. Wanawake wa Mabogini waliotoka kupanda mpunga nao wako pale. Hakuna aliyeulizwa dini yake. Balozi akapewa sahani, akaikataa.

"Nilijiuliza, hawa wanatafuta nini kwetu?" anasema Bibi Eliona.

Akatoka. Na mlangoni, wasikilizaji wapendwa, akamkuta Fundi Ujagari amechuchumaa katikati ya viatu vya watu. Mkononi ameshika kiatu cha Balozi. Amekwisha kubandua matope kwa kitambaa. Sasa anakifuta kwa kiganja. Kisha kile kiganja chenye vumbi akakipeleka kwenye paji la uso wake, taratibu, macho ameyafumba.

Nyinyi mnajua, na msijifanye hamjui, jinsi watu wa kwetu wanavyoogopa kuchukuliwa udongo wa unyayo. Mtu akishika udongo uliokanyaga, inasemekana amekushika wewe. Balozi alinyakua viatu vyake akaondoka pekupeku hadi Pasua. Alipofika akanawa miguu kwa maji ya chumvi.

Mumewe, Mzee Gidioni, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwana kwaya mzima wa Kilutheri unaogopa vumbi?"

Balozi hakucheka. Ndama alipokufa, akamhesabia Fundi. Mzee Gidioni alipovunjika mguu akakaa miezi bila kazi, akamhesabia Fundi. Miaka minane anahesabu.

Ukafika mwaka 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Sabuni hakuna, sukari hakuna, unga wa kubahatisha. Wasakaji wakapita kwa mabalozi wakiuliza nani ameficha bidhaa. Balozi Eliona akasema, nendeni hekaluni kwa Singasinga. Wakaenda, wakakuta magunia kumi na manne ya unga. Ufunguo wa stoo ulikuwa kwa Fundi Ujagari, naye akachukuliwa.

"Sikusema uongo," anasema Bibi Eliona. "Niliulizwa unga uko wapi, nikasema. Nani anaula, sikusema. Na nilikuwa nimewaona kwa macho yangu."

Huko alikowekwa, Fundi aliulizwa unga ameuleta nani. Akajibu kwamba umeletwa na watu, nao hawakuutoa ili watajwe. Jibu hilo likamzidishia matatizo. Ilisemekana angefungwa miaka.

Siku ya kumi na saba, mkewe, Bibi Surjit Kaur, akabisha hodi kwa Balozi. Alitaka barua ya balozi, ithibitishe kwamba ule unga ni wa kulisha watu. Hakujua anaongea na nani. Balozi hakumpa hata shikamoo, na Bibi Surjit ni mkubwa kwake. Akamwuliza kwanza lile lililomkaa rohoni.

"Mumeo alifanya nini na vumbi la viatu vyangu?"

"Alijipaka, mama. Kwetu vumbi la miguu ya watu waliokuja mbele ya Mungu ni baraka. Mtu anajipaka asije akajiona mkubwa."

"Hata langu? Mimi sikuja kusali. Nilikuja kuwapeleleza."

"Yeye haulizi kiatu ni cha nani."

Balozi hakuamini. Maneno mazuri yanatungwa, alijiambia. Lakini Mzee Gidioni, aliyekuwa akisikiliza kutoka chumbani, akatoka na mkongojo wake.

"Mama, andika hiyo barua."

"Wewe unajuaje habari zao?"

"Nimekula pale. Zile Jumapili nilizokuaga naenda Rau kwa kaka, sikwenda Rau."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeninawisha chumvi mwili mzima."

Bibi Eliona anasema aliketi chini akalia kwa hasira na aibu. Kisha akaandika. Aliandika kwamba unga ni wa watu wote, na yeye alijua tangu 1975. Aliandika pia kwamba ndiye aliyemtaja Fundi, na ndiye aliyenyamaza. Barua hiyo ilimpotezea ubalozi. Siku ya kumi na tisa, Fundi Ujagari akaachiwa.

Bibi Eliona akamfuata karakana. "Fundi, ni mimi niliyekutaja."

"Najua. Walinisomea jina lako siku ya kwanza."

"Na hukunichukia?"

"Nilikuchukia, Mama Balozi. Kila alfajiri nilisali, Waheguru, Mungu wangu, niondolee, na chuki iko pale pale." Akaweka spana chini. "Njoo Jumapili. Nitafuta viatu vyako. Labda itaisha nikivishika."

Wasikilizaji wapendwa, hakwenda.

"Niliona ananitega," anatuambia. "Mtu niliyemfungisha siku kumi na tisa aniite anifutie viatu? Nikasema hapa kuna jambo. Nikasema nitaenda Jumapili ijayo, nimchunguze kwanza." Alimchunguza miaka miwili, hadi mwaka huu.

Bibi Surjit Kaur yeye anasema hivi: "Kila Jumapili alikaa pale mlangoni. Tukirudi nyumbani ananiambia, leo pia hakuja. Jumapili ya mwisho nilimkataza, anakohoa na mvua inanyesha. Akasema, 'Leo kuna matope mengi. Leo anaweza kuja.'"

Siku tatu baadaye akafariki.

Tunatoa pole kwa Bibi Surjit Kaur, kwa watoto na wajukuu, na kwa wote wanaosali na kula pale hekaluni. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki tujiulize ni nani anatungoja kwa moyo safi, nasi bado tunamchunguza.

Bibi Eliona hakutaka kusema zaidi kwenye kinasa sauti. Ametukabidhi karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, akaomba isomwe ilivyo. Inasema: "Mimi Eliona wa Pasua. Viatu nilikuwa navyo, na njia nilikuwa naijua."