Papa Éliakim na Meno Meusi ya Vuhovi

Tarehe 30 Juni 2023, baada ya miaka thelathini na mitano ya kuwaambia watu wapanue vinywa, Papa Mumbere Éliakim anastaafu katika kliniki yetu ya meno hapa Butembo. Mwenyewe ana pengo mbele, na magego ya kushoto yalimuaga zamani. Mgonjwa akilitazama sana pengo hilo, Papa, kama tunavyowaita wazee hapa, humwahi: mganga hajigangi. Kisha anacheka wa kwanza.

Ninayeandika ni Kasika Adèle, msaidizi wake tangu 1998. Sikuchaguliwa kwa ufundi wa kuandika. Nimechaguliwa kwa sababu nimeshuhudia makosa yake mengi kuliko wenzangu, na lile kubwa tulilifanya pamoja.

Papa alianza kazi mwaka 1988, kijana mwembamba aliyefumba macho kila alipoona damu. Alitumika Oicha, kisha Beni, kisha hapa. Amewang'oa meno wafanyabiashara, wachungaji, masista, na askari walioegemeza bunduki kwenye kiti chetu. Hao wa mwisho aliwang'oa taratibu sana.

Mwaka 2001, barabara ya Beni ikifungwa leo na kufunguliwa kesho kwa ajili ya vita, alipata wazo. Mashine ya kupiga picha za ndani ya jino ilikuwa Beni. Sisi Butembo tulikuwa na macho, kioo kidogo, na sonde, yaani kile kichuma chenye ncha kama ndoano. Akataka kulinganisha njia tatu, macho, sonde na picha, kwenye magego ya watoto. Macho na sonde vikitosha, hakuna mzazi angelazimika kumpitisha mwanawe katika barabara ile. Lakini kosa lingekuwa zito. Dawa ya kuziba ilikuwa imekwisha, jino lililooza lilikuwa la kung'olewa tu, na gego la ukubwani, linalotoka mtoto akiwa na miaka sita hivi, halioti mara ya pili.

Tukaenda shule moja ya Vuhovi. Umeme haukuwapo, kwa hiyo meno tuliyakausha kwa pompi ya baiskeli. Mpiga pompi nilikuwa mimi, nikajiona nusu daktari. Papa alitazama: mitaro ya magego myeusi tii. Akajaribu kwa sonde: inanasa, na kunasa tulikuhesabu dalili ya shimo. Mtoto baada ya mtoto, macho na sonde vilikubaliana kabisa, na sisi tukapeana mikono kwa furaha juu ya shule nzima iliyooza.

Watoto wachache tuliwapeleka Beni, wazazi wao wakiwa nasi. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliuliza tumebeba nini. Aliposikia ni waganga wa meno, alipanua kinywa chake mwenyewe, tukamtibu palepale ndipo tukapita. Picha zikatoka: meno mazima. Papa aliitazama mashine kwa huruma, akasema imezeeka. Mimi nikaunga mkono.

Tukarudi Vuhovi na koleo. Wa kwanza kitini alikuwa Rébecca, binti wa miaka saba. Alimwambia Papa, "Hapana ngoa hii, ingali mupya!" kisha akaomba maji ya kusukutua. Akasukutua. Akaomba mengine. Alikuwa anachelewesha koleo, basi, kila mtu aliliona hilo. Ila beseni lilikuwa linazidi kuwa jeusi. Papa akaweka koleo chini, akachukua mswaki, akasugua gego lile. Likatoka jeupe, bila shimo lolote.

Mama yake, Séphora, alikuwa amesimama mlangoni, aibu imemjaa. Akasema, "Munganga, hiyo hapana ugonjwa, ni makala. Tulibasugula nayo asubui, sawa ile siku ya kwanza, juu mubakute safi." Akina mama wa Vuhovi walikuwa wametuheshimu kwa kuwasugua watoto meno kwa mkaa, na kwa heshima hiyo tulikuwa karibu kuwaachia watoto wao mapengo kama la Papa.

Siku ile Papa hakucheka. Alikaa kwenye ngazi za shule. Kisha akaanza upya: mswaki kwanza, pompi, halafu macho. Sonde akaifungia sandukuni, kwa kuwa hunasa hata kwenye mtaro wa gego jipya lililo zima. Safari hii macho yalikubaliana na picha, isipokuwa kati ya jino na jino, ambako jicho haliingii. Watoto wengi wakaepushwa na barabara ile. Na alipofika Beni tena, aliipapasa mashine na kuiomba radhi mbele ya watu wote.

Wiki iliyopita Rébecca alikuja kutoka Musienene, mtoto mgongoni. Alipanua kinywa kabla ya kuombwa. Papa alitazama kwa muda mrefu, akavua miwani, akasema tu, "Ingali mupya." Akalia, nami nikalia, na mtoto akatushangaa.

Papa, asante kwa kutufundisha kuona. Kale viazi na maharagwe yako kwa amani, upande wa kulia. Pompi nimebaki nayo mimi.