Pete Yenye Kiraka cha Shaba

Waliokuwepo siku ile ni Fundi Mutua mwenye meza. Sumaku, anayenunua vyuma chakavu na ambaye hutembea na sumaku ya spika iliyofungwa kamba. Diwani, aliyegombea udiwani mara mbili, akaanguka mara mbili, akabaki na jina. Kavata muuza kahawa, na mtoto wake Loise akiwa amelala mgongoni. Na Ndila, mama yake Nzembi na mke wa Mutunga, ambaye hakuwa mtu wa kijiwe. Mbinya alikuja baadaye. Kijiwe chenyewe ni benchi moja chini ya mabati ya duka la mbegu, nyuma ya soko la Machakos, na meza ya Fundi imesukumwa kwenye kona yake. Watu huleta hapo pete zilizobana, mikufu iliyokatika na hereni zilizopoteza ndoano. Fundi hurekebisha, wengine hukaa wakibishana, na Kavata huwamiminia. Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado umekalia vilima vya Iveti, na kahawa ndiyo kwanza ilikuwa imeiva.

Ndila alikaa mwisho wa benchi, akafungua leso yake, akaweka pete mezani.

Hakuna aliyehitaji kuuliza. Mvua ya masika ilipokuwa kali, Mutunga alipanda pikipiki kwenda bwawa la Masinga kuleta samaki, na kijito kinachoingia bwawani kikamchukua penye kivuko. Pikipiki ilipatikana. Yeye hakupatikana. Sasa maji yamepungua, na mwili umetokea kwenye matope ya ukingoni.

— Yule wa mochari alinizuia mlangoni, — Ndila alisema. — Akaniambia, mama, usiingie, hakuna uso wa kuangalia. Wewe angalia hii tu. Akaenda mwenyewe akaniletea.

Kavata aliyashika maneno hayo. Mtu asiyejulikana jina aliingia mle ndani ili Ndila asiingie.

Pete ilikuwa imefunikwa na ukoko wa matope, mgumu kama ugali ulioungulia sufuriani. Mahali pamoja ilikuwa imekatwa kwa msumeno. Pale ukoko ulipobanduka, pete yenyewe ilikuwa nyeusi tititi.

— Fundi, ya Mutunga wewe ndiye uliipanua.

— Ni mimi, mama Nzembi.

— Ulimwekea kiraka cha shaba.

— Sikuwa na silva siku hiyo. Nikamwambia angoje. Akasema weka tu, kitakaa upande wa ndani, nani atakiona.

— Basi niangalilie kama kiko.

Fundi akaichukua. Kavata, aliyekaa karibu na meza ile tangu Loise akiwa tumboni, alimjua. Akiletewa pete, kwanza huidondosha mezani asikilize mlio, kisha hubana lenzi yake jichoni. Leo hakuidondosha. Aliilaza juu ya kitambaa taratibu, kama anayelaza mtoto, na lenzi ikabaki mfukoni.

— Hii imeshika sana, — alisema. — Haiwezi kusomeka hivi.

— Wacha nipitishe sumaku, — Sumaku akasema.

Akaiteremsha sumaku yake kwa kamba. Pete haikutikisika.

— Umeona? Haivutwi. Hii si chuma.

— Hata ya Mutunga haikuwa chuma, — Ndila alisema. — Ilikuwa silva.

— Ni kweli, silva haivutwi. Lakini hata shaba haivutwi, mama. Hata aluminiamu. Hata risasi. Kwa hivyo hii inaweza kuwa kitu chochote, ya mtu yeyote.

— Tena silva haikai nyeusi hivi, — Diwani akadakia. — Silva ni nyeupe. Hii ni risasi, ile ya kuweka kwa nyavu za samaki. Kuna mvuvi mahali anatafuta pete yake.

— Silva inakuwa nyeusi, Diwani, — Sumaku akasema. — Wewe ulikuwa unasoma nini shuleni?

— Nilisoma kukushinda. Fundi, mwambie.

Fundi alisita. Kavata alijua jibu, kwa sababu alikuwa amemsikia akiwaeleza wateja mara nyingi: weusi wa silva si uchafu, ni ngozi yake imekasirishwa na hewa, jasho au matope. Ndani yake inabaki safi. Shaba ndiyo inayolia machozi ya kijani.

— Inategemea matope, — Fundi akasema.

— Ndiyo hiyo, matope, — Sumaku akasema. — Yale ya bwawa si matope ya kawaida. Yanatoka mbali, yanapita kwa mashamba ya watu yakibeba dawa zote za kunyunyiza. Ukiweka dhahabu humo, miezi michache tu, unatoa kaa la moto lililozimwa.

— Dhahabu haiguswi na matope, bana.

— Ya hapa kwetu imechanganywa. Hiyo inaguswa na kila kitu.

— Sasa sikia yangu, — Diwani akasema, akimpa Kavata kikombe. — Niongezee, mama Loise. Mjomba wangu alikuwa na pete ya dhahabu. Kipimajoto kikapasuka mkononi mwake, ile zebaki ikaigusa, pete ikawa nyeupe pe. Mkewe akamfukuza akidhani ameoa kwingine. Ndiyo nasema, rangi ya pete si ya kuamini. Ya dhahabu inakuwa nyeupe, nyeupe inakuwa nyeusi. Hii huenda ilikuwa ya dhahabu. Mutunga alikuwa na ya dhahabu?

— Hapana, — Ndila alisema.

— Basi.

Kavata alimimina na kusikiliza. Diwani kila siku husema ili ashinde, na akishindwa hununa mpaka jioni. Leo alikuwa akipasiana maneno na Sumaku kama watu wanaocheza mpira usioruhusiwa kugusa chini. Kavata akaelewa kwamba mpira huo ni ile pete. Wakinyamaza, Fundi atabana lenzi yake.

— Mimi nadhani ni samaki, — Sumaku akasema.

— Samaki gani?

— Kambare. Kambare anameza chochote kinachong'aa. Anaweza kumeza pete ya mtu huko juu mtoni, akaitapika bwawani, mwingine akaiokota akavaa. Pete inazunguka. Hii labda imevaliwa na watu wanne.

— Kambare hatapiki.

— Ushamwuliza?

Ndila alicheka kidogo. Kilikuwa kicheko kifupi, kilichomtoka bila yeye kujua, na Kavata aliona jinsi Sumaku alivyoinamisha kichwa haraka, kama mtu aliyepewa zawadi mbele za watu.

Labda ni kicheko hicho kilichompotosha Diwani. Akazidisha.

— Sasa tuseme ukweli. Mtu akikaa majini anavimba. Vidole vinakuwa kama ndizi. Pete haiwezi kutoka hapo. Kwa hivyo hii haikutoka kwa yule mtu wao. Imechanganywa huko mochari, iliangushwa na—

— Haikutoka, — Ndila alisema. — Waliikata. Si unaona hapo imekatwa.

Diwani akaangalia kikombe chake. Loise alijinyoosha mgongoni mwa mama yake, akarudi usingizini.

— Nisamehe, mwaitu, — Diwani alisema. Mwaitu kwa Kikamba ni mama, ingawa kwa umri Diwani angeweza kumzaa Ndila. — Mdomo wangu huu ndio ulioniangusha hata kwa kura.

— Hujanikosea. Unanisaidia.

Kisha akageukia meza.

— Nyumbani nilishindwa kuiosha, Fundi. Nilitia maji kwa bakuli. Nikayaangalia mpaka yakapoa, nikamwagia mboga. Ndiyo nikaona nikuletee wewe.

— Nimekusikia, mama Nzembi. Lakini hii haitaki haraka. Inataka magadi. Inataka ile karatasi ya kufunikia chakula, ile ya kung'aa, uilaze ndani, umwage maji ya moto, weusi unahama wenyewe bila kusugua. Sasa karatasi sina.

— Tumia ndimu na majivu, — Sumaku akasema.

— Majivu yanakwaruza.

— Dawa ya meno.

— Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Silva ni laini. Unaweza kusugua ukala kiraka chenyewe kikaisha, halafu useme hakikuwepo.

— Asidi ya betri basi, ninayo nyumbani, — Diwani alisema kwa sauti ndogo. — Niende niilete? Ni mbali kidogo, hadi karibu na Kyumbi.

— Nenda, — Sumaku akasema. — Usikimbie.

Lakini Diwani hakusimama.

— Mama Loise, una maji ya moto hapo? — Fundi aliuliza bila kumtazama.

Kavata alikuwa na birika mbili, moja ya kahawa na moja ya maji. Ile ya maji ilikuwa imejaa, imechemka, imefunikwa na kanga aliyoikunja mara nyingi.

— Yameisha, — alijibu.

Fundi akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa asante. Kavata aliona haya. Hakuwa mwongo. Lakini alimfikiria baba ya Loise, ambaye muda ule alikuwa kwenye mjengo Syokimau, amepanda juu ya mbao zilizofungwa kwa kamba. Akaona kwamba maji yale, nusu birika tu, ndiyo mpaka: kabla hayajamiminwa Ndila bado ana mume, yakishamiminwa hana. Acha akae naye kidogo zaidi. Akamimina kahawa tena, vikombe nusu nusu, ili isifike mwisho.

Ikafika. Mdomo wa birika ukatoa matone mawili meusi kwenye kikombe cha Sumaku, kisha machicha.

Hapo ndipo Mbinya alipokuja, msichana wa duka la simu, mgeni Machakos. Alikuwa ameshika hereni ya silva iliyovunjika ndoano.

— Habari zenu.

— Nzuri.

Akakaa katikati ya benchi, akangoja zamu yake. Akaitazama pete, akawatazama wao.

— Mnaingoja nini hiyo?

— Tunataka kujua ni ya nani, — Sumaku akasema. — Kuna alama ndani. Haionekani kwa matope.

— Si muioshe? — Mbinya akauliza. — Kwani hapa hakuna maji?

Sumaku alianza kuikunja kamba ya sumaku yake. Fundi alikuwa akiutazama mkono wake mwenyewe. Ndila peke yake ndiye aliyemwangalia Kavata, bila lawama yoyote, jinsi mtu anavyomwangalia mwenzake aliyemshikia mzigo kwa muda mrefu na sasa anautaka urudi.

Kavata akafunua kanga. Akamimina maji kwenye kikombe, akaongeza ya baridi kutoka kwenye chupa yake ili yasimchome, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Ndila aliiosha mwenyewe. Ukoko ulilainika, ukaachia vipande vipande, na maji yakawa rangi ya chai. Alipitisha kidole gumba ndani ya pete, kwa upole, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha akaishikilia kwenye mwanga.

Pete yote ilikuwa nyeusi. Upande wa ndani, mkabala na pale ilipokatwa, kulikuwa na mstari mfupi, mnene kama punje ya mchele, wa kijani.

— Ni mkono wako, Fundi?

Sasa Fundi akabana lenzi. Haikumchukua muda.

— Ni mkono wangu.

Diwani alivua kofia. Mbinya alimtazama Ndila, kisha akayatazama yale maji kwenye kikombe, na kidogo kidogo uso wake ukabadilika.

— Mimi sikujua, — alisema. — Dada, mimi sikujua.

— Ungejuaje? — Ndila akajibu. — Ilibidi mtu aulize.

Alibaki ameishika. Baadaye akauliza kama pale palipokatwa panaweza kufungwa.

— Panafungika. Lakini hata leo silva sina, — Fundi alisema. — Nina shaba tu.

Mbinya akaiweka hereni yake mezani.

— Kata hii.

— Utabaki na moja.

— Kata.

Fundi aliwasha taa yake ya kuchomelea, na hakuna aliyebishana. Aliyeyusha kipande cha hereni ndani ya ule ufa, akalainisha kwa tupa, akaosha kwa maji vuguvugu na sabuni, akakausha. Weusi kidogo ukatoka. Kiraka cha kijani hakukigusa.

— Usiisugue kwa dawa ya meno, — alimwambia. — Usiitie kwa dawa ya kutoa madoa. Maji na sabuni, kitambaa laini, ikauke. Na usiifungie kabatini, mama Nzembi. Silva ikifichwa ndiyo inakuwa nyeusi. Ivae. Ikikaa mkononi inajisugua yenyewe.

Vidole vya Ndila vilikuwa vyembamba. Ilikaa kwenye gumba.

Mutunga alizikwa kwao Muthetheni Jumamosi iliyofuata. Kavata alikwenda na birika zote mbili, ya kahawa na ya maji.