Kinue Narita, Muuguzi Aliyejua Maumivu Yanavyolia

Marehemu Kinue Narita alizaliwa tarehe 9 Februari 1941 katika kijiji cha Nagamori, mkoa wa Aomori, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa mkulima wa matufaha Eikichi Kudo na mkewe Masa. Theluji ilikuwa imefika dirishani, na mkunga aliletwa kwa kigari cha kuburuzwa. Bibi alituambia kwamba katika watoto wake wote huyu ndiye aliyelia kwa sauti kubwa zaidi. Mimi Chizuru, mtoto wake mkubwa ninayesoma wasifu huu, sishangai hata kidogo.

Alianza shule ya msingi ya kijiji Aprili 1947. Akiwa darasa la tatu, mwalimu aliwataka waandike insha juu ya theluji. Wenzake wote waliandika kwamba inaanguka shinshin, yaani kimya jii, kwa sababu ndivyo vitabu vilivyosema. Kinue akaandika dosadosa, yaani kwa vishindo vizito.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Paa letu, mwalimu. Limemmwagia paka wetu mzigo mzima."

Alipewa duara jekundu la pongezi, na tangu siku hiyo hakuwahi kuandika neno asilolisikia kwa masikio yake. Alihitimu uuguzi mjini Hirosaki Machi 1962, na mwezi uliofuata akaanza kazi katika zahanati ya Nagamori, alikotumikia miaka thelathini na tisa.

Sisi watu wa huku hatuishii kusema tunaumwa. Tunasema maumivu yanaliaje. Jino linalopwita ni zukizuki. Tumbo linalouma polepole bila kukoma ni shikushiku, na likikaza na kuchoma kama keke ya fundi ni kirikiri. Maneno haya kila mtu anayajua. Marehemu aliyasikiliza.

Hata mume alimpata kwa njia hiyo. Tokuji Narita, fundi wa milango, alikuja na kidole gumba alichokigonga kwa nyundo. Zukizuki, alisema, akafungwa bendeji. Wiki mbili baadaye akarudi, kidole kizima.

"Nini tena?" mama akamwuliza.

"Kifua, dada muuguzi. Kinadunda, dokidoki."

"Hiyo dawa yake haiko hapa. Kaongee na baba yangu."

Walifunga ndoa tarehe 3 Novemba 1966, wakanipata mimi na mdogo wangu Noboru. Baba alitutangulia mwaka 2009, akiwa bado anataniwa kwa dokidoki yake.

Januari 1978 Mzee Sakuzo Kasai alirudi zahanati kwa mara ya pili wiki ileile. Daktari kijana aliyetoka Tokyo alimtaka ataje maumivu kwa namba, moja hadi kumi. Mzee, ambaye hakupenda kusumbua watu, akasema tatu. Daktari akaandika dawa ya gesi.

"Mzee, tumbo linaliaje leo?" mama akauliza.

"Kirikiri. Tangu asubuhi."

"Jumatatu ulisema shikushiku."

"Limegeuka, mwanangu."

"Daktari, huyu aende hospitali ya mjini sasa hivi."

"Kwa tatu? Na theluji hii? Dada, hizo ni sauti za kitoto."

"Basi andika kwamba nimekaidi. Gari linaondoka."

Akamwita mwenye trekta la kusukuma theluji awatangulie. Mjini walikuta kidonda cha tumbo kimetoboka. Mzee alipasuliwa, akapona, akaishi miaka ishirini na mmoja zaidi. Wajukuu zake wamekaa pale nyuma. Kesho yake daktari alikuja na daftari jipya, akainama mbele ya mama na kusema, "Dada, nifundishe."

Baada ya kustaafu, marehemu aliwafundisha wahudumu wa wazee waliotoka ng'ambo, akiwemo Wahyuni wa Indonesia. Somo lake lilikuwa fupi: kaa chini, uliza inaliaje, kisha nyamaza.

Mei 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Hapa niseme ukweli. Mama aliyewasikiliza wote aliyaficha maumivu yake mwenyewe. "Sijambo, nenda kachume matufaha," aliniambia, meno kayauma. Nilimkasirikia, na niliogopa, maana asiposema hangepewa dawa inayomfaa, angekufa akiteseka.

Asubuhi ya tarehe 18 Oktoba Wahyuni alikuja, akaketi sakafuni.

"Mama Kinue, inaliaje?"

Wahyuni akanyamaza. Ulipita muda hata nikataka kumsemea mama, Wahyuni akanizuia kwa mkono.

"Shikushiku," mama akasema mwishowe. "Mgongoni. Nikilala, kirikiri." Kisha akatabasamu. "Umekaa vizuri."

"Ulinifundisha wewe, tena kwa kunifokea."

Dawa ilibadilishwa siku hiyohiyo. Tulipata wiki tatu njema. Alikula tufaha la kukunwa na kumsahihisha kila aliyemtembelea jinsi ya kukaa na kuuliza.

Alifariki nyumbani tarehe 11 Novemba 2023, saa nne asubuhi. Muda mfupi kabla, niliketi sakafuni kama Wahyuni.

"Mama, sasa inaliaje?"

Nikanyamaza. Alisikiliza kwanza, kisha akasema, "Suu." Ndivyo tusemavyo maumivu yanapoondoka taratibu, kama upepo ukipita mlango uliofunguliwa. Hakusema neno jingine.

Ameacha watoto wawili, mkwe mmoja, wajukuu wanne, mdogo wake Sumi, Wahyuni tunayemhesabu wa kwetu, na daktari yule, leo mwenye mvi, aliyekuja na daftari lake.

Marehemu hakuandika neno asilolisikia. Nasi tunamwombea pumziko kwa neno tulilolisikia kinywani mwake: suu, mama. Suu.