Athieno Hakuwaua Wanangu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu wa kanisa la Masinya! Mnaniona nimesimama hapa, lakini si kwa nguvu zangu.

Uhuru ulipofika, mume wangu Wandera alikuwa fundi wa matofali Kampala. Nikamfuata na watoto wetu wawili, Ouma na Nafula. Mjini hasa hatukukaa. Tulikaa gombolola, yaani tarafa, la pembeni, ambako wafanyakazi wa kila kabila walibanana, nyumba ikiegemea nyumba. Mji ulikuwa ng'ambo ya barabara, na bomba la maji liliishia hukohuko. Sisi tulichota kisimani, bondeni, chini ya vyoo vyetu wenyewe.

Jirani yangu alikuwa Athieno, mjane wa kutoka Tororo, asiyejaliwa mtoto. Aliwapenda wangu. Kila asubuhi aliwapa uji.

Ndugu zangu, Ouma aliharisha siku tatu, akafa. Wiki ileile, Nafula naye. Ningelia tu, ingetosha. Lakini mimi nilitafuta wa kumlaumu! Nikapiga kelele uani: "Ni uji wa Athieno! Tasa huyu amekula watoto wangu!"

Watu wakaja na fimbo. Chifu wa gombolola akaamuru aondoke. Nyumba yake ikabomolewa mchana kweupe, na mlango niliung'oa mimi kwa mikono hii. Aliondoka na sufuria moja kichwani, damu ikimtoka sikioni.

Mwezi uliofuata akaja bwana afya. Alikitazama kile kisima, akakiziba kwa miti. "Mnakunywa choo," akatuambia. "Ndicho kinachowamaliza watoto huku."

Nilirudi nyumbani hapa Masinya kama maiti inayotembea. Hata kusali niliogopa, maana nilijua nitakachoulizwa. Miaka mitatu! Mpaka Jumapili ile, humu humu, mlipokuwa mkitubu, nikaanguka nikilia jina la Athieno. Mchungaji akaniinua. "Mungu amekusikia, mama," akasema. "Sasa huyo Athieno naye akusikie."

Nilimtafuta sokoni Tororo wiki baada ya wiki. Nikamkuta anauza mihogo mikavu. Nikapiga magoti vumbini.

"Athieno, nilikusingizia. Nisamehe."

"Nabwire, mimi pia nalia hao watoto. Wewe ulininyima hata kutupa udongo kwa kaburi." Akapanga mihogo yake. "Leo siwezi. Kuja tena siku ya soko."

Nimekwenda siku nyingi za soko, ndugu zangu. Neno lile bado hajalisema. Ila juzi alinisogezea gunia, nikaketi kando yake, tukawataja Ouma na Nafula kwa majina yao.

Yesu hakunirudishia wanangu. Amenitoa uongo kifuani, nami sasa naweza kusali! Wewe uliyemsingizia mtu, mtegemee Bwana, uende. Usingoje moyo wa mwenzako ulainike kwanza. Kesho nakwenda tena Tororo. Mkiniombea, anzeni na Athieno.